Wiki moja kwa miguu kwenye kona za mto Mosel

Kati ya stesheni ya Cochem na ile ya Ediger-Eller, treni inaingia ndani ya mlima na kutokea upande wa pili baada ya dakika chache. Handaki hilo, Kaiser-Wilhelm, lina urefu wa mita 4,205 na lilianza kupitisha treni mwaka 1879. Mto Mosel wenyewe, kutoka Eller kwenda Cochem, unazunguka zaidi ya kilomita 20. Kwa miguu ni siku mbili. Naanza na handaki kwa sababu linalieleza bonde hili kuliko picha yoyote ya ngome: mto unajipinda kama nyoka aliyeshiba, na anayepanga matembezi kwa kupima kilomita kwenye ramani hupanga vibaya. Hapa tunapanga kwa kona za mto.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutembea mwenyewe, bila kiongozi wala kundi, katika bonde la Mosel magharibi mwa Ujerumani. Asubuhi unatoka kijiji kimoja na kupanda kati ya mizabibu, mchana unakula ulichobeba, jioni unalala kijiji kingine. Si lazima uwe mpanda milima. Unahitaji magoti mazima, siku saba, na subira ya kuandika barua pepe kadhaa kabla ya kuondoka.

Hatua ya 1: Chagua kipande, uache mto mzima

Mosel huanzia milima ya Vosges nchini Ufaransa, huwa mpaka kati ya Luxembourg na Ujerumani, kisha huingia Ujerumani na kumwaga maji yake katika mto Rhine mjini Koblenz, baada ya safari ya kilomita 544. Upande wa Ujerumani kuna njia moja ya miguu yenye alama mwanzo hadi mwisho. Inaitwa Moselsteig, ilifunguliwa mwaka 2014, ina kilomita 365 na imegawanywa vipande 24, kutoka Perl mpakani hadi Koblenz. Kuimaliza yote ni kazi ya wiki tatu na ushei. Wengi wanaokwenda mara ya kwanza hujaribu kubana vipande kumi katika wiki moja kwa kuunganisha viwili viwili, na siku ya tatu unawakuta kituoni wakisubiri basi, viatu mkononi.

Mimi ningekupeleka Traben-Trarbach hadi Cochem. Kona za mto hapo zimebana kuliko kwingine, miteremko ya mizabibu ni mikali kweli kweli, na ukichoka au ukiumia, reli haiko mbali. Sehemu ya juu, kati ya Perl na Trier, ni bonde la tabia nyingine kabisa: udongo wa chokaa, vilima vya upole, na zabibu ya Elbling inayotoa mvinyo mwepesi wenye uchachu. Ni pazuri, lakini si Mosel ya kwenye picha. Sehemu ya kati, karibu na Bernkastel-Kues, ndiko yaliko mashamba yenye majina makubwa, kama lile la Wehlen lenye saa ya jua iliyojengwa mwambani mwaka 1842. Kasoro yake ni kwamba reli haifiki huko, unategemea mabasi. Mwenye siku mbili za ziada na aanzie Bernkastel-Kues, alale Ürzig, afike Traben-Trarbach siku ya pili, kisha aendelee na mpango huu.

Hatua ya 2: Amua unakwenda lini

Nyumba nyingi za wageni, boti za mtoni na migahawa hufanya kazi kuanzia karibu na Pasaka hadi mwisho wa Oktoba. Nje ya hapo utatembea peke yako na utalala na njaa.

Aprili na Mei ndiyo miezi ninayoipenda. Mwanzoni mwa Aprili, wakati mwingine hata mwisho wa Machi, mipichi ya mashambani huchanua waridi huku mizabibu ikiwa bado vijiti vitupu. Huo ndio wakati wa kuona jinsi wakulima wa hapa wanavyofunga mizabibu yao. Kwenye miteremko ya zamani kila mzabibu una mti wake mmoja wa kuegemea, na matawi mawili hukunjwa, moja kushoto na moja kulia, yakarudishwa na kufungwa chini hadi yafanye umbo la moyo. Simama mbele ya shamba moja uhesabu mioyo hiyo hadi uchoke. Kila mmoja umefungwa kwa mkono, na mtu aliyesimama mahali ambapo wewe unatafuta pa kushika.

Julai na Agosti kuna joto la kukausha midomo. Mwamba wa hapa ni sleti, jamii ya lile jiwe la vibao walivyoandikia wanafunzi wa zamani, na vipande vyake vimetapakaa chini ya kila mzabibu. Vinanyonya jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Kwa zabibu ni neema, kwa mtembeaji ni tanuri. Okota kipande saa nane mchana wa Julai utakirusha mwenyewe. Ukienda miezi hiyo, toka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshashuka kufika saa sita. Kuanzia mwishoni mwa majira ya kuchipua hadi Agosti, baadhi ya miteremko hunyunyiziwa dawa kwa helikopta asubuhi na mapema, na njia hufungwa kwa muda. Ukikuta kizuizi, usikiruke. Subiri, au shuka hadi njia ya kando ya mto.

Septemba mwishoni na Oktoba ni mavuno. Bonde linanukia juisi inayochacha, majani yanageuka manjano, na vyumba ni vya kugombania. Nyumba nyingi wikendi hizo hazitaki mgeni wa usiku mmoja. Zabibu usichume hata moja. Zinaonekana kama za bure kwa kuwa hakuna uzio, lakini ni mshahara wa mtu.

Hatua ya 3: Viza

Wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani wanahitaji viza ya Schengen, viza moja inayokubalika nchi nyingi za Ulaya. Safari yote ikiwa Ujerumani, ombi linapelekwa kwa ubalozi wa Ujerumani au kituo kinachoupokelea maombi. Ada kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 za matibabu na ihusu eneo lote la Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini nafasi za miadi huisha upesi, kwa hiyo anza miezi minne nyuma.

Ugumu wa safari ya namna hii ni kwamba unalala vitanda sita tofauti, na ofisa anataka kuona uthibitisho wa kila usiku. Nyumba ndogo za vijijini hujibu kwa mstari mmoja: ndiyo, chumba kipo, karibu. Hiyo haitoshi. Omba uthibitisho wenye jina lako kama lilivyo kwenye pasi, tarehe za kuingia na kutoka, na anwani ya nyumba. Kisha andika ukurasa mmoja wenye orodha ya siku, kijiji na nyumba, uuweke juu ya mafungu yote.

Na hilo jina la Schengen ni la kijiji. Kiko Luxembourg, kwenye ukingo wa mto huu huu, ng'ambo tu ya Perl inakoanzia Moselsteig. Mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya boti iliyoitwa Princesse Marie-Astrid, ikiwa imetia nanga hapo. Uliyehangaika na fomu zake miezi mitatu, sasa unajua pa kuelekeza kidole.

Hatua ya 4: Vyumba na mizigo

Tafuta neno Weingut, yaani shamba la mvinyo, likiandamana na Gästezimmer, vyumba vya wageni. Ni familia inayolima mizabibu na kukodisha vyumba vitatu au vinne juu ya ghala lao. Kifungua kinywa huwa cha nguvu, na mwenyeji anajua njia kuliko simu yako. Kibao cha "Zimmer frei" mlangoni kina maana ya chumba kipo, lakini kwa aliyepewa viza kwa orodha ya nyumba, ni heri kila kitu kiwe kimeshalipiwa au kuthibitishwa.

Kuhusu mizigo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubeba kila kitu mgongoni, usizidi kilo nane ukijumlisha maji. Ya pili inaitwa Gepäcktransport: begi lako huchukuliwa asubuhi na gari na kukukuta jioni kijiji kinachofuata. Zipo kampuni za kukupangia wiki nzima pamoja na vyumba, na ni msaada kwa asiye na muda. Lakini hata ukijipangia mwenyewe, muulize mwenye nyumba. Mara nyingi atakupigia teksi ya kijijini, au ataupeleka mzigo mwenyewe kwa malipo kidogo. Mwambie siku mbili kabla, si asubuhi ukiwa umeshavaa viatu.

Wakati unaandika barua hizo uliza maswali mawili zaidi. La kwanza: je, mnatoa kadi ya mgeni ya usafiri? Baadhi ya maeneo ya bonde humpa mgeni anayelala tiketi ya basi na treni za karibu bila malipo ya ziada. La pili ni lile nililojifunza kwa tumbo tupu: je, siku nitakayofika kuna mahali pa kula? Migahawa ya vijijini ina Ruhetag, siku ya mapumziko, nayo ni Jumatatu kwa mmoja, Jumatano kwa mwingine, na kijiji chenye migahawa miwili kinaweza kufunga yote siku moja. Mimi jioni moja nilikula biskuti na tufaha kitandani, nikiangalia ngome iliyowashwa taa ng'ambo ya mto. Ilipendeza, lakini tufaha ni tufaha. Jiko nalo hufungwa mapema, saa mbili au mbili na nusu usiku, na maduka Jumapili hayafunguliwi. Jumamosi nunua mkate, jibini na matunda ya siku mbili.

Hatua ya 5: Viatu na begi

Viatu viwe vya kupandia, soli yenye meno, vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Sleti ikiloa inateleza kama sabuni, na Oktoba hufunikwa na majani, hivyo huioni. Fimbo mbili za kutembelea husaidia zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, na hapa kushuka ndiko kunakomaliza watu: kutoka ukingo wa juu hadi mtoni ni mita mia mbili hadi tatu, kwa vijia vya zigizaga na ngazi za mawe.

Maji lita mbili. Chemchemi zenye maandishi Kein Trinkwasser si za kunywa. Kofia, koti la mvua, plasta za malengelenge, tochi ndogo. Suruali ndefu kwa ajili ya kupe. Wanakaa kwenye nyasi ndefu na vichaka vya pembeni mwa njia, na wanaleta maradhi, kwa hiyo kila jioni jikague nyuma ya magoti, kwenye nyonga na makwapani. Pesa taslimu ubebe, kwani si kila mkulima ana mashine ya kadi. Njia pakua kwenye simu kabla ya kuondoka, mtandao huko juu unakatikakatika. Lakini utapotea kwa shida: Moselsteig ina alama ya herufi M kila penye njia panda, na ukiikosa kabisa, shuka hadi uone maji, kisha ufuate mkondo. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 6: Kufika

Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt unapanda treni hadi Koblenz, hapo unabadili kuelekea Trier na kushuka Bullay, kisha treni ndogo inakupeleka Traben-Trarbach. Kutoka Koblenz kaa dirisha la kushoto, ndiko mto ulipo. Baada ya Cochem litakuja handaki. Angalia saa unapoingia na unapotoka, ukumbuke hizo dakika.

Ipo tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, iliyoanza kwa euro 49 mwaka 2023 na bei yake imepanda tangu hapo. Inakubalika kwenye mabasi na treni za kawaida, si zile za masafa marefu, ICE na IC. Jihadhari, ni ya kujiandikisha na inaendelea kukata pesa kila mwezi hadi uifute, na kuifuta ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi. Kwa wiki moja piga hesabu kwanza kama inalipa.

Hatua ya 7: Jua mezani pana nini

Zabibu inayotawala hapa ni Riesling, na mvinyo wake ni mweupe. Kwenye chupa tafuta kwanza neno la utamu. Trocken ni mkavu, halbtrocken na feinherb ni wa katikati, lieblich ni mtamu, süß ni mtamu zaidi. Kabinett, Spätlese na Auslese yanaeleza jinsi zabibu zilivyokuwa zimeiva zilipovunwa, kwa hiyo Spätlese inaweza kuwa tamu au kavu. Kabinett tamu ya Mosel mara nyingi ina kilevi cha asilimia 8 au 9 tu, kavu hufika 12. Tofauti hiyo utaijua ukiwa umebakiza mlima mmoja mbele yako. Glasi ya kupima ni desilita moja au mbili, nawe mchana agiza ile ndogo.

Asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari, asidhani bonde hili si lake. Omba Traubensaft, juisi ya zabibu, ambayo wakulima wengi huikamua wenyewe na inauzwa kwenye meza zilezile. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni nyama. Sahani ya wakulima, Winzervesper, ni mkate, jibini na nyama baridi, na nyama hiyo karibu kila mara ni nguruwe. Keki ya kitunguu na Flammkuchen, mkate mwembamba wa kuokwa, huwekewa vipande vya nguruwe hata kama jina halisemi. Neno la kukuokoa ni "ohne Schwein", bila nguruwe, ama uagize sahani ya jibini peke yake.

Mahali pa kula pa kutafutwa ni Straußwirtschaft. Ni ua au sebule ya mkulima anayeruhusiwa kuuza mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi bila leseni ya mgahawa, kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka na kwa viti visivyozidi 40. Alama yake ni shada la matawi au ufagio uliotundikwa mlangoni. Ukiuona ufagio, ingia, kwa kuwa wiki ijayo unaweza kuwa umeshushwa. Meza ni za kuchangia. Unasalimia, unauliza kama kuna nafasi, unakaa na wenyeji.

Katika mavuno wanauza Federweißer, juisi ambayo bado inachacha, nyeupe kama maji ya tui, tamu na yenye gesi. Chupa yake haifungwi sawasawa kwa makusudi, kwani ikifungwa inapasuka. Mimi niliambiwa hivyo na muuzaji, nikaitikia kwa kichwa, nikailaza begini juu ya nguo. Nguo zote za siku nne zilizobaki zilinukia hamira. Ibebe wima, mkononi, na uinywe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Tembea

*Siku ya kwanza, Traben-Trarbach hadi Reil.* Mji wenyewe umegawanywa na mto. Traben ni upande wa stesheni, Trarbach ni ng'ambo ya daraja. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa kati ya miji mikubwa ya biashara ya mvinyo Ulaya, na ghala za chini ya ardhi za enzi hiyo bado zipo chini ya mitaa. Vuka daraja, pita Trarbach, panda hadi magofu ya ngome ya Grevenburg. Mwinuko huo wa kwanza utakutoa jasho ukadhani umekosea kuja. Hujakosea. Ukishafika Starkenburg, kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, mto uko chini yako. Shuka Enkirch penye nyumba za fremu za mbao, kisha nenda taratibu hadi daraja la Reil.

*Siku ya pili, Reil hadi Zell.* Hii ndiyo siku ya kuelewa kona za mto. Njia inapanda hadi Prinzenkopf, penye mnara wa kutazamia. Ukiwa juu unaona Mosel kushoto na Mosel kulia, na inachukua muda kukubali kuwa ni mto mmoja. Chini ya mlima reli inapita juu ya matao marefu yaliyoegemea mteremko, urefu wa mita 786, ng'ambo ya Pünderich. Endelea hadi Marienburg, palipokuwa na nyumba ya watawa, pumzika hapo, kisha shuka Kaimt na uvuke daraja la waenda kwa miguu kuingia Zell. Paka mweusi utakayemwona kila mahali, kwenye chupa hata kwenye chemchemi ya uwanjani, ndiye alama ya mvinyo wa mji. Wanasimulia kwamba wafanyabiashara waliokuwa wakibishania pipa la kununua walichagua lile aliloruka juu yake paka na kukataa mtu asilisogelee.

*Siku ya tatu, Zell hadi Neef.* Ndefu kuliko zote, karibu kilomita 20, na sehemu kubwa ni msituni. Toka mapema, beba chakula. Ukijisikia mzito, Bullay iko njiani na ina treni. Kituo kinachofuata ni Neef, na hakuna wa kukuuliza. Kabla ya kushukia Neef, mlima wa Petersberg unakupa mandhari ya kona ya Bremm, ambapo mto unageuka karibu kurudi ulikotoka. Kaa hapo hadi jua lipungue.

*Siku ya nne, Neef hadi Ediger-Eller.* Kilomita chache, uamuzi mmoja mkubwa. Vuka daraja kwenda Bremm. Mbele yako ni Calmont, mteremko wa mizabibu unaopita nyuzi 60, unaohesabiwa kuwa miongoni mwa mikali kabisa duniani. Tazama reli moja nyembamba ya chuma inayopanda kati ya mizabibu: wakulima hukalia kigari juu yake, hupandishwa kazini na kushusha zabibu. Hapa una njia mbili. Moselsteig inapanda hadi msalaba ulio kileleni na kufuata ukingo wa juu, njia ya kuchosha lakini salama. Nyingine ni Klettersteig, inayokata katikati ya mteremko kwa ngazi za chuma na kamba za waya zilizopigiliwa mwambani, mwendo wa saa tatu hivi. Ni ya mtu asiyeogopa kuangalia chini, mwenye mikono mitupu na begi dogo, na siku kavu. Mvua ikinyesha, au kibao kikisema imefungwa kwa ajili ya mawe yanayoporomoka, nenda ya juu bila kunung'unika. Ng'ambo ya mto, ndani ya kona, kuna kuta zilizobaki za nyumba ya watawa ya Stuben, zimesimama peke yake shambani. Zinaonekana vizuri zaidi kutoka juu.

*Siku ya tano na ya sita, Ediger-Eller hadi Beilstein, kisha Cochem.* Zile dakika za handaki ndizo unazilipa sasa. Siku ya kwanza ni kama kilomita 15, ya pili kama 11. Beilstein ni kijiji chenye wakazi wasiofika 200, kimebanwa kati ya mto na mlima, na magofu ya ngome ya Metternich juu yake. Mchana hujaa watu wa boti na mabasi; jioni wanaondoka, ukabaki wewe, paka wawili na sauti ya maji. Kwa hiyo lala Beilstein, usipite tu. Hakuna daraja hapo, kuna pantoni ya kwenda Ellenz-Poltersdorf, ikiwa utataka kukiona kijiji kutoka ng'ambo.

Cochem utaiona kutoka juu, na ngome yake, Reichsburg, ikiwa imekaa kama taji. Iliharibiwa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689, ikabaki gofu karibu miaka mia mbili, hadi tajiri mmoja wa Berlin, Louis Ravené, alipoinunua mwaka 1868 na kuijenga upya kwa ladha ya karne yake. Wapo wanaoibeza kwa hilo. Mji wenyewe una kelele na maduka ya zawadi kila hatua. Baada ya siku tano za vijijini utakushtua kidogo. Fua nguo, lala mapema.

*Siku ya saba, Burg Eltz.* Acha mzigo Cochem au upeleke mbele. Panda treni ya kuelekea Koblenz inayosimama vituo vyote, ushuke Moselkern. Kutoka stesheni pita kijijini, fuata kijito cha Elzbach ndani ya msitu, kama kilomita tano, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu anayepiga picha. Njia ni nyembamba, ina mizizi, na kijito kiko pembeni yako muda wote. Halafu miti inaachana na ngome iko juu yako, minara yake imejazana kama watu kwenye daladala. Haikuwahi kubomolewa vitani, na familia ile ile inaimiliki tangu karne ya 12. Wajerumani wenye umri mkubwa wanaijua kutokana na mgongo wa noti ya mark 500 ya zamani. Hufunguliwa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba tu, na ndani picha haziruhusiwi. Wanaokuja kwa gari huegesha upande wa juu na kushukia hapo; wewe unaingia kwa upande wa chini. Kabla ya kuanza kurudi Moselkern angalia ratiba kwenye simu: treni za vituo vyote haziji kila dakika, na benchi la stesheni ile halina kivuli.